Jibu la Siku ya Nne

Jumamosi, 29 Mei 1937

Daftari hili ni la ofisi. Nilipewa niandike mvua na joto la kila siku, lakini mimi nina mengine ya kuandika. Mvua nitaiandika pia, isije ikasemwa nimeiba karatasi.

Leo mvua hakuna. Bibi yangu, Nodinikwe, anasema mpunga umekwisha kuamka chini ya maji. Amejuaje, na macho yake hayaoni hata uji ulio mbele yake? "Nimenusa," anasema.

Mpunga wetu haulimwi na mtu. Hujipukutisha wenyewe ziwani, ukalala matopeni majira yote ya baridi, ukaota tena palepale ulipoota kabla Bibi hajazaliwa. Kila familia ya Waojibwe, wenyeji wa nchi hii kabla ya Wazungu, hapa Ziwa la Korongo ina sehemu yake. Mpunga unapokaribia kuiva Bibi hutoka na mtumbwi, akafunga mabua kwa kamba ya gome, fungu baada ya fungu, na fundo lake ndiyo hati yake. Fungu lenye fundo la mwenzio huligusi.

"Mwaka huu upondo utashika wewe, mke mwenzangu," ameniambia. "Mikono hiyo imezoea kugonga taipu. Tutaona kama inajua kazi."

Ijumaa, 4 Juni

Mkutano ukumbini. Bwana Ostby, msimamizi wetu wa serikali ambaye mimi ni karani na mkalimani wake, alikuja na ramani. Akina mama walipika bata, samaki na mpunga wa mwaka jana uliotiwa sukari ya utomvu wa mti. Alikula sahani mbili, akaomba ya tatu. Hana kiburi cha chakula, nampendea hilo.

Baada ya kula akasimama. Kampuni ya umeme ya kule bondeni inataka ukuta wa bwawa ulio kwenye mlango wa ziwa letu uongezwe mbao, maji yapande futi mbili na yakae juu kiangazi chote. Akasema tusiogope. "Serikali imeshika ardhi na maji yenu kwa amana, kama mlezi anavyomshikia mtoto mali yake. Mlezi hawezi kumdhuru mtoto."

Nikatafsiri. Bibi akaninong'oneza, "Mwambie mtoto ana miaka sabini na minane na hana meno." Hilo sikulitafsiri.

Kisha Bwana Ostby akauliza, "Kuna anayepinga?"

Watu wote wakatazama sakafu. Mzee Geshick, mkuu wa kamati ya mpunga, mtu wa maneno mengi kuliko nywele zake, naye alitazama sakafu. Kwetu mgeni aliyekula kwako humwambii hapana siku hiyohiyo. Unamsikiliza, unalala na maneno yake, na siku ya nne unampelekea jibu. Anayejibu papo hapo ni kama hakusikiliza. Mtoto wa miaka sita anajua hivyo. Bwana Ostby amekaa nasi miaka mitatu, nikadhani naye anajua.

"Basi," akasema, akifuta mdomo, "hakuna anayepinga."

Ningeweza kumweleza palepale. Lakini kumfundisha mgeni adabu mbele za watu ni kumwaibisha, na jibu lilikuwa linakuja Jumatatu. Jioni nikapiga taipu kumbukumbu za mkutano: "Msimamizi aliuliza kama kuna anayepinga. Hakuna aliyepinga." Ni kweli tupu. Nikatia sahihi, Delima Benais, mkalimani na shahidi. Nilipendezwa na jinsi mistari ilivyonyooka.

Jumamosi, 5 Juni

Bwana Ostby amepanda treni ya kwenda mjini Duluth. Atarudi baada ya wiki mbili. Amechukua karatasi zote. Mvua kidogo.

Jumatatu, 7 Juni

Siku ya nne. Wazee watano wamekuja ofisini na mashati yaliyopigwa pasi, Mzee Geshick mbele, mkononi tumbaku, zawadi ya kusindikiza jibu. Wakamkuta karani peke yake na nzi wawili.

"Yuko wapi bwana mkubwa?"

"Amesafiri, Mzee."

"Amesafiri? Mtu anauliza swali halafu anasafiri?" Akawageukia wenzake. "Labda alisahau kofia, atarudi."

Hawakucheka sana. Akavua kofia yake, akasema jibu kama alivyolileta, polepole, nami nikaliandika. Maji yasiguswe mpaka mpunga uvunwe. Mwezi huu wa sita jani la mpunga hulala juu ya maji na mzizi wake ni mwepesi. Maji yakipanda sasa, jani litavutwa juu na mzizi utang'oka. Baada ya mavuno tutazungumza. Hapana.

Nimelituma Duluth kwa posta ya leo pamoja na tumbaku yenyewe, maana sikujua niiweke wapi.

Jumanne, 8 Juni

Mvua. Hakuna jipya.

Jumanne, 15 Juni

Majani yamefika juu. Kutoka ufukweni ziwa linaonekana limetandikwa utepe wa kijani. Nimemweleza Bibi, akaniambia nieleze tena. Nikaeleza tena.

Ijumaa, 18 Juni

Bwana Ostby amerudi. Nimemuuliza kama alipata jibu la wazee.

"Jibu gani? Si walikubali?"

"Hawakukubali, bwana. Walikuwa hawajajibu."

Akanitazama kwa huruma, kama mtu anayemtazama mgonjwa. "Delima, niliuliza mbele ya watu sitini. Wewe mwenyewe uliandika. Kumbukumbu zimekwisha kupelekwa makao makuu." Nikamweleza habari ya siku ya nne, mwanzo mpaka mwisho. Alisikiliza vizuri. Akasema ni desturi nzuri sana, na kwamba angependa kuiandika kwenye ripoti yake ya mwaka. Barua ya wazee ilikuwa Duluth, haijafunguliwa. Ameahidi kuipeleka makao makuu "pamoja na nyingine".

Kanipa peremende. Nimeila, nimejichukia.

Alhamisi, 24 Juni

Nimesimika mti ufukweni na kuukata alama. Tangu asubuhi maji yamepanda vidole viwili. Mvua haijanyesha siku nne.

Ijumaa, 25 Juni

Vidole vinne.

Jumamosi, 26 Juni

Vidole saba. Bibi ameacha kuniuliza.

Jumapili, 27 Juni

Naandika kirefu maana sitaki kusahau hata neno.

Asubuhi Bibi alitaka apelekwe ziwani. Nilishika upondo, upondo ukazama zaidi ya ninavyoukumbuka. Majani yaliyokuwa yamelala sasa yamesimama chini ya maji, yamenyooshwa mpaka ncha, na mengine yameachia, yanaelea na mizizi yake myeupe juu. Bibi akatia mkono. Akashika moja, akalipapasa kutoka jani mpaka mzizi, akaliweka mapajani. Akashika jingine. Mtumbwi ulipojaa akasema turudi. Hakulia. Mimi nililia, na kwa kuwa nilikuwa nyuma yake nikadhani hajui.

"Lia, lakini sukuma," akasema.

Ufukweni watu walikuwa wamekusanyika. Binamu yangu Zozed na wenzake walikuwa na mashoka, wanataka kwenda kuvunja mbao za bwawa. Mzee Geshick akawaambia waweke mashoka chini, aende yeye akaongee na mlinzi wa bwawa, na mimi nimfuate nikatafsiri. Nikafuata. Wengine nao wakaja nyuma, tukawa kama ishirini hivi.

Mlinzi ni Mzungu mmoja mwembamba anaitwa Tollef. Tunamjua, mke wake alizalishwa na Bibi. Alitoka kibandani akiwa ameshika karatasi hata kabla hatujasalimiana.

"Mimi nafuata amri tu, Mzee. Ningekuwa na hiari ningezitoa hizo mbao leo. Lakini nina karatasi, na imeandikwa ninyi wenyewe mmekubali."

Mzee Geshick hajui kusoma. Akaichukua, akaigeuza, akanipa. "Soma, binti. Kwa sauti, wote wasikie."

Nikasoma. Nikasoma amri ya kupandisha maji, kisha nikafika kwenye kiambatisho, nikaona mistari yangu iliyonyooka. Nikasoma: "Msimamizi aliuliza kama kuna anayepinga. Hakuna aliyepinga."

"Na hapo chini pameandikwa nini?"

"Jina, Mzee."

"La nani?"

"Langu."

Mzee Geshick aliichukua karatasi kwa upole, akaikunja pale pale ilipokuwa imekunjwa, akamrudishia Tollef, akamshukuru. Tukarudi. Njiani watu walitembea mbele yangu na nyuma yangu, hakuna aliyetembea ubavuni mwangu ila Zozed, na yeye alikuja kusema neno moja tu:

"Kikulacho ki nguoni mwako."

Jumatatu, 28 Juni

Joto. Vidole kumi na moja.

Jumapili, 4 Julai

Mjini Wazungu wanapiga fataki za sikukuu yao. Hapa hakuna aliyenitukana hata mara moja. Wananisalimu, wananijibu, wananipisha dukani. Afadhali wangenitukana.

Jumatano, 7 Julai

Nimemwambia Bibi yote, kana kwamba hajui.

"Ulijua yule bwana hajui adabu yetu?"

"Nilidhani anajua, Bibi."

"Ulidhani, au ilikufaa kudhani?"

Nilitaka ofisi inipende na ukumbi unipende, siku moja, kwa pamoja. Akaniambia nimpe chai.

Jumapili, 11 Julai

Mzee Geshick amekuja kwetu. Amekonda. Amekaa mlangoni, amezungumza na Bibi kama mimi ni kiti.

"Kosa ni langu, Nodinikwe. Binti aliandika alichokiona. Mimi ndiye niliyenyamaza. Ningesema hapana palepale, na mdomo wangu bado una mafuta ya bata, leo tungekuwa na mpunga."

"Ungemvunjia mgeni heshima."

"Heshima hiyo imetuua. Nimekwisha kuwaambia kamati. Kuanzia sasa tunajibu siku hiyohiyo, kama Wazungu. Habari ya siku ya nne nimeifuta."

Bibi akamwuliza, "Baba yako alikufundisha hivyo?" Mzee akainuka, akaenda zake bila kuaga. Miaka sabini wamejuana hao, sijawahi kuona mmoja akiondoka bila kuaga.

Usingizi sina. Desturi ya watu imefutwa kwa sababu ya mstari wangu mmoja.

Jumanne, 13 Julai

Nimewaandikia makao makuu mimi mwenyewe, kurasa tatu, bila kumwambia Bwana Ostby. Nimesema nilishuhudia kimya nikakiandika kama ridhaa, kwamba kosa ni langu, na kwamba kimya kile hakikuwa jibu. Nimeomba mbao zitolewe. Nimetembea maili nane mpaka posta ya mjini ili barua isipite mikononi mwake. Wakinifukuza kazi, wanifukuze.

Julai 14 hadi 31

Mvua mara tano. Nimeziandika kwenye fomu ya ofisi. Barua haijajibiwa.

Jumatatu, 9 Agosti

Wiki hii mpunga ungekuwa umetoa maua. Ziwa ni maji matupu, jeupe, zuri. Wazungu wawili wamekuja kulipiga picha.

Ijumaa, 20 Agosti

Jibu limekuja. Limeandikwa na mtu mwenye adabu nyingi. Nanakili hapa:

"Tumesikitishwa na wasiwasi wako. Tafadhali usijilaumu. Kwa kuwa serikali ndiyo mdhamini wa ardhi na maji hayo kwa niaba ya watu wako, ndiyo iliyotoa idhini kwa niaba yao, kama nakala iliyoambatishwa inavyoonyesha. Ridhaa ya baraza haikuwa sharti. Mkutano uliitishwa kwa ajili ya taarifa tu."

Nakala ya idhini ina tarehe ya 11 Mei. Mkutano ulikuwa tarehe 4 Juni. Nimehesabu kwa vidole, nikahesabu tena kwa kalenda ya ukutani. Siku ishirini na nne kabla bata hawajachinjwa, jibu lilikuwa limekwisha kutolewa, na waliolitoa walijiita sisi.

Si mimi. Niliona kama nimetuliwa mzigo wa kuni. Nilicheka peke yangu ofisini. Mungu anisamehe, nilifurahi.

Jumatatu, 23 Agosti

Nimemwonyesha Bwana Ostby. Amesoma mara mbili, masikio yamemwiva. "Sikuambiwa," akasema. Baadaye kidogo akasema tena, "Delima, kweli sikuambiwa." Namwamini, na hilo halinisaidii kitu.

Nyumbani sijasema. Jumamosi ya wiki ijayo ni siku ya kufungua ziwa kwa mavuno, watu wote watakuwa ufukweni. Nitasoma hapo, mbele ya wote walionipisha dukani. Nataka Zozed asikie kwa masikio yake. Najua ni majivuno. Nimebeba lawama miezi miwili, nataka kuitua mahali watu wanaona.

Jumamosi, 28 Agosti

Bibi ametaka kwenda kufunga mpunga.

Nimemwambia hakuna mpunga. Amesema alinisikia mara ya kwanza. Amevaa kofia yake ya majani, amechukua furushi la kamba za gome alizosokota wakati wa baridi, ameketi mbele ya mtumbwi akisubiri. Nimeshika upondo.

Tumekwenda sehemu yetu. Anaijua kwa jua la shavuni na kwa upepo. Alinyoosha mikono kushika mabua, mikono ikakuta hewa. Akaiteremsha mpaka majini. "Mbele," akasema. Nikasukuma mbele. Tena mikono, tena hewa. Tulikwenda hivyo ziwa zima, yeye akinyoosha na kurudisha, mimi nikisukuma, mpaka mtumbwi ukagonga mawe ya upande wa pili.

Kwenye mdomo wa kijito, palipo na kina kidogo, tuliona mabua machache yamepona. Nilimwelekeza mikono. Akayakusanya, akayafunga, fundo lake lilelile. Fungu moja. Akatoa kamba ya pili.

"Mengine yako wapi?"

"Ni hayo tu, Bibi."

Akairudisha kamba kwenye furushi, akalifunga furushi vizuri, kamba zote za mwaka mzima.

Ijumaa, 3 Septemba

Baridi asubuhi. Nimepiga pasi gauni. Nimeisoma barua mpaka naijua kwa moyo kwa lugha zote mbili.

Jumamosi, 4 Septemba

Watu walikuja wote, na mitumbwi waliileta, sijui kwa nini. Labda kwa sababu ni Jumamosi ya kwanza ya Septemba na mikono ilikuwa haijui kazi nyingine. Mzee Geshick alitia tumbaku majini. Akasema, kama mkuu wa kamati, kwamba mwaka huu ziwa halifunguliwi. Maneno hayo hayajawahi kusemwa hapa. Kisha akaanza kusema yale ya kwake, kwamba alinyamaza siku aliyopaswa kusema, na kwamba watu wamsamehe.

Nikainua mkono. "Mzee, nina barua."

Nikaisoma. Nilikuwa nimejiandaa kusoma kwa sauti ya mtu aliyeshinda, na mistari miwili ya kwanza niliisoma hivyo. Nilipofika "ridhaa ya baraza haikuwa sharti" nilimwona Mzee Geshick ameinua uso. Nikasoma tarehe. Nikaeleza siku ngapi zilipita katikati.

Kisha Zozed akasema, taratibu, "Kwa hiyo wale bata tulimchinjia bure." Wawili watatu wakacheka, kicheko kikafa.

"Soma tena tarehe," akasema Mzee Geshick.

"Tarehe kumi na moja, mwezi wa tano."

"Hata ningepiga kelele?"

"Hata ungepiga kelele, Mzee."

Akavaa kofia yake. Nilidhani atapumua, kama nilivyopumua mimi siku ile ofisini. Miezi miwili mtu huyu amekonda kwa kosa ambalo hakulifanya, nami nimemletea msamaha wenye mhuri. Lakini alikaa chini, kwenye changarawe, na shati lake lililopigwa pasi, akatazama maji. Wengine wakaanza kugeuza mitumbwi. Zozed alikuja akasimama karibu nami, akataka kusema kitu, akanishika bega, akaenda kumsaidia mzee mmoja kubeba.

Nilimwendea Bibi. Alikuwa amekaa kwenye gogo, mikono mapajani, na machozi yanamtoka, yeye ambaye siku ya mizizi hakulia. Nikapiga magoti. Nikamwambia, "Bibi, umesikia? Halikuwa kosa langu."

Akanitafuta uso kwa kiganja, akanifuta shavu, ingawa aliyelia ni yeye.

"Nimesikia, mjukuu wangu. Bora lingekuwa lako. Lako ningelisamehe, na mwaka ujao tungejibu vizuri zaidi."

Nilimshika mkono nikamrudisha nyumbani. Nimemvua viatu, nimemfunika. Mvua imeanza kama saa kumi, ndogo, inaendelea.